Fiti ya baiskeli kwa kilomita 180: nishushe mbele au ninyanyue? Kiuno kinaniua

Kanyaga_Taratibu:

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya kufitisha baiskeli kwa triathloni ndefu. Majuzi nimemaliza nusu yangu ya kwanza (kuogelea 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1) na kwa kiherehere changu nimeshajiandikisha ile nzima yenye baiskeli ya kilomita 180, kwaiyo kamba nimeshajivika mwenyewe.

Natumia baiskeli ya kawaida ya barabarani, ile ya usukani uliopinda, nimefunga erobari juu yake, zile fito mbili za kulalia mikono. Kilomita 50 za mwanzo raha tupu, kufika kama 60 hivi kiuno kikaanza kuwaka, nikawa nalala dakika mbili nainuka, nalala nainuka, 20 za mwisho nimekaa wima kama tarishi. Alafu samahanini kwa lugha, huko chini kulikufa ganzi kabisa, sikua najua kama nimekaa au nimesimama. Nilivoshuka kukimbia nyonga haifunguki, kilomita 4 za mwanzo nilikimbia nimeinama kama mtu anatafuta sindano.

Vipimo: mguu kwa ndani, yani kutoka sakafuni mpaka kwenye msamba, ni sentimita 84. Siti kutoka katikati ya ekseli ya krenki (ile mikono inayobeba pedeli) mpaka juu yake ni 76.5. Krenki ni milimita 172.5. Erobari ziko chini kabisa, sikuweka spesa (vile vipande vya kuzinyanyua) hata moja.

Mwenzangu wa mazoezi anasema tatizo sijalala chini vya kutosha. Mwingine anasema hiyo baiskeli tupa, nunua ya triathloni. Mi nimebaki katikati. Nianzie wapi?

GiaYaMlima:

Karibu kwenye mateso mkuu, pole sana. Huyo anayekwambia ushuke chini zaidi mwache kwanza. Fiti inaanzia nyuma inakuja mbele, siti kwanza mikono mwisho, ila wengi tunaanza na usukani kwa sababu ndo kitu tunachokiona tukiwa tumekaa.

Siti yako iko juu. Kuna hesabu ya siku nyingi iliyopata umaarufu kupitia Greg LeMond, bingwa wa zamani wa Tour de France, unachukua urefu wa mguu kwa ndani unazidisha kwa 0.883 unapata urefu wa siti, wa kwako inakuja 74.2. We uko 76.5. Ile hesabu sio msahafu, soli za viatu zinatofautiana na pedeli za enzi zile sio hizi, ingekua tofauti ya milimita 5 nisingefungua mdomo, ila sentimita 2 na ushee ni nyingi mno. Siti ikiwa juu ivo mguu unaikosa pedeli pale chini, kwaiyo nyonga inalala kushoto, inalala kulia kuifuata, na kiuno ndo kinabaki na kazi ya kuituliza. Piga hesabu mizunguko 85 kwa dakika kwa masaa matatu, ni zaidi ya elfu 15. Kiuno gani hakiwaki hapo.

Funga baiskeli kwenye treina, ile stendi ya kuendeshea ndani, mtu akurekodi kwa simu akiwa nyuma yako, angalia ule mshono wa kaptula katikati ya makalio. Ukiona unaenda kushoto kulia kama timazi ya saa, jibu umepata. Alafu akurekodi ubavuni, simu iwe usawa wa nyonga. Ukisimamisha pedeli chini kabisa goti libaki limekunja kama digrii 25 hadi 35, ukiwa unakanyaga kwenye video itasoma zaidi kidogo usishtuke. Goti likiuma kwa mbele mara nyingi siti iko chini, likiuma nyuma iko juu.

Ila usishushe zote 2 siku moja, misuli nayo ina kumbukumbu. Milimita 5, endesha siku kadhaa, tena 5.

UpepoTu:

Mi natofautiana kidogo na GiaYaMlima hapo kwenye mbele. Huyo huyo LeMond anayemtaja, 1989 siku ya mwisho ya Tour de France alikua nyuma ya Fignon aliyekua anaongoza kwa sekunde 50, akafunga erobari, Fignon hana, jamaa akabeba Tour nzima kwa sekunde 8. Wiki tatu za mashindano zimeamuliwa na fito za kulalia mikono. Kwenye tambarare ukishapita 30 kwa saa nguvu yako kubwa inaliwa na upepo, na ukuta wenyewe ni mwili wako, wala sio fremu ya bei mbaya. Shuka chini, mwili utazoea.

GiaYaMlima:

Stori tamu sana hiyo mkuu ila umeikatia njiani. Siku ile walienda kilomita 24.5, LeMond alilala pale kama dakika 27 tu alafu akaenda kuvaa jezi. Huyu mtoa mada ana 180, akishuka hapo anakimbia 42. Na mwenyewe kakwambia 20 za mwisho alikaa wima, yani upepo wote alioukwepa asubuhi aliulipa mchana na riba juu. Bora pedi za mikono ziwe juu sentimita 3 alafu alale masaa matano, kuliko chini kabisa kwa saa moja unusu.

UpepoTu:

Sawa hapo umenibana. Ila na yeye asinyanyue mpaka akageuka bendera.

DadaWaPedeli:

Naona wanaume wote mmeruka habari ya ganzi kama vile haijaandikwa 😂 haya ngoja niiseme mimi.

Kaka, ganzi huko chini sio sehemu ya mchezo, usije ukaizoea. Pale kwenye msamba kuna mshipa wa fahamu na mishipa ya damu, ganzi maana yake vimekandamizwa. Ukikaa wima unakalia ile mifupa miwili ya makalio, imeumbwa kwa kazi iyo. Ukilala kwenye erobari nyonga inazunguka kwenda mbele, mifupa inanyanyuka, uzito wote unahamia kwenye nyama laini. Siti uliyonayo nina uhakika ni ile nyembamba yenye ncha ndefu ya baiskeli ya barabarani, imetengenezwa kwa mtu anayekaa sio anayelala. Ndo maana siti za triathloni ncha yake fupi, nyingi zimepasuliwa katikati ziwe kama ncha mbili.

Sisi wanawake na sisi yetu yapo, uvimbe na michubuko sehemu ambazo huwezi hata kumwonyesha fundi. Mi nilienda miezi nane na siti iliyokuja na baiskeli, nikabadilisha kaptula mara tatu, nikapaka kila mafuta, nikahisi labda ni maumbile yangu tu. Kumbe siti jamani. Nilipobadilisha, wiki ya pili nikasahau kama nilikua na tatizo. Na usikimbilie siti laini kama mto, ukishazama ile sponji inapanda katikati inakubana palepale unapopakimbia.

Ukishapata siti lalisha ncha chini kidogo, digrii 2 au 3, weka kitabu kigumu juu ya siti alafu simu juu ya kitabu uisome. Ikizidi hapo unateleza mbele, mikono na mabega vinabeba mwili mzima. Na hata fiti iwe nzuri vipi kila baada ya dakika 10, 15 simama kwenye pedeli sekunde chache damu ipite. Ikitokea ganzi inabaki hata baada ya kushuka nenda kamuone daktari, usione aibu.

Sasa swali kwako mtoa mada: hebu nenda kaangalie siti yako imeliwa wapi. Nyuma au kwenye ncha?

Mguu_Mwepesi:

Mi naona mnamjaza hesabu tu. Aendeshe masaa matano kila wikiendi mwili utajipanga wenyewe.

DadaWaPedeli:

@Mguu_Mwepesi mimi miezi nane sikujipanga popote 😂

Kanyaga_Taratibu:

Dada umenishtua nimeamka kwenda kuangalia sa hivi hivi. Nyuma kote siti iko mpya, hata maandishi yake yanasomeka, ila ncha, kama sentimita 5 za mbele, imeng'aa kama kiatu kilichopigwa rangi na mshono wa upande wa kulia umeanza kufumuka. Kaptula nazo zote zimechakaa sehemu ileile. Kitu kingine nimekiona leo, pedi za mikono sponji imebonyea ukingo wa nyuma tu, viwiko vyenyewe havifiki kwenye pedi, vinaning'inia hewani.

Video nayo nimerekodi, aibu tupu. Aliyerekodi ni mke wangu, alicheka mpaka simu ikawa inatikisika, ikabidi turudie. Mshono unaenda kushoto kulia kweli kweli.

Mzee_Spana:

Nimeisoma yote, kijana, siti yako imeshatoa ushahidi, tusiendelee kupiga ramli.

Unakaa kwenye ncha kwa sababu mbele ni mbali. Baiskeli ya barabarani nguzo ya siti imelala kama digrii 73 hivi, imepangwa kwa mtu anayeshika usukani kwa viganja. Wewe ukaongeza erobari, sehemu ya kufikia imeenda mbele zaidi, sasa mwili unafanya nini? Unajiburuta kuifuata. Baiskeli za triathloni wanaisimamisha ile pembe, 76 mpaka 80, ili mwili wote uzunguke kwenda mbele kama mshale wa saa, mgongo unalala lakini nyonga inabaki wazi. Mwili wako ulikua unaitafuta hiyo baiskeli, ndo maana umeikuta kwenye ncha ya siti.

Na hata siti kuwa juu naona ilipotokea. Ukikaa kwenye ncha unakua karibu na ekseli, miguu inajihisi imekunjika, ukasema ngoja nipandishe. Ukapandisha, ukapandisha. Nimekosea?

Baiskeli ya kununua sio lazima kwa sasa. Fanya hivi. Sogeza siti mbele. Angalia reli zake zina alama za mwisho, usizipite, na kama haitoshi kuna nguzo ambazo kichwa chake kinarudi nyuma, nyingine unaweza kukigeuza kikatazama mbele, nyingine huwezi, muulize fundi kabla hujafungua. Kwa urefu wako kila sentimita moja na robo hivi ni kama digrii moja, kwaiyo ukienda mbele 3.5 unakua umefika 75 na kitu. Sio ya triathloni kamili ila utaona tofauti. Halafu kumbuka, siti ikienda mbele inaikaribia ekseli, hizo 3.5 zinakula kama milimita 9 za urefu. Kwaiyo sogeza kwanza, pima tena, ndo uamue urefu, usishushe kwa kufuata namba za siti ilipokua zamani. Na ukinunua siti ya ncha mbili, zile zinakaliwa kwa mbele zaidi, vipimo vya siti ya zamani vitakudanganya tena.

Ukishamaliza nyuma ndo uje mbele. Weka spesa chini ya pedi, anza na 2. Pedi ziguse mkono karibu na kiwiko, hapo mfupa wa juu wa mkono ndo unabeba kichwa na kifua, misuli inapumzika. Mabega yakiuma baada ya nusu saa jua misuli inafanya kazi ya mfupa. Kama bado unajivuta, weka stemu fupi, kile kipande kinachounganisha usukani na baiskeli.

Krenki. Watu wanaidharau sana hii. Mguu wako wa 84 na krenki 172.5 ukiwa umelala, pedeli ikifika juu goti linakaribia kugonga kifua, tumbo linabanwa, hata chakula hakishuki vizuri, na hiyo nyonga unayosema haifunguki ukikimbia ilikua imekunjwa ivo mara elfu 15. Ukiweka 165 pale juu goti linashuka milimita 7.5, na kwa vile chini nako pedeli imepanda 7.5 unainua siti kiasi hicho hicho, jumla umepata nafasi ya milimita 15 kwenye nyonga bila kunyanyua kifua. Nguvu haipotei, unashuka gia moja unazungusha haraka kidogo basi.

Tahadhari moja, uzito ukienda mbele usukani unakua mwepesi, baiskeli inashtuka kirahisi hasa kwenye kona na upepo wa ubavuni. Kajifunze sehemu isiyo na magari kwanza, pamoja na kutoa chupa na kula ukiwa umelala. Kama kila ukinywa maji lazima uinuke bado hujamaliza.

La mwisho kisha niache kelele. Kata kipande cha tepu ya umeme, kizungushe kwenye nguzo ya siti pale inapoingia kwenye fremu, na kingine kwenye reli za siti. Nilimfitisha jamaa mmoja kila kitu kikakaa, mwezi unaofuata anarudi goti linamuuma. Nikamlaumu kwa viatu, nikamrudisha kliti (kile kipande cha chini ya kiatu kinachoshika pedeli) nyuma, nikampa mazoezi ya kujinyoosha, wiki mbili nzima namchosha mtoto wa watu. Kuja kupima nguzo ilikua imezama milimita 12, kidogo kidogo, kila akipita kwenye shimo. Nguzo ya kaboni nilikua nimeipaka grisi ya kawaida badala ya ile pasti yenye chengachenga. Kosa langu mwenyewe. Tangu siku ile tepu ni kitu cha kwanza natoa kwenye boksi la spana.

UpepoTu:

Mzee hapo kwenye krenki umenifungua macho, mimi naendesha 175 na mguu wangu ni 82...

Mzee_Spana:

Ndo maana unapenda kulala chini alafu huongelei kukimbia.

Kanyaga_Taratibu:

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Nimefanya kitu kimoja kimoja kama mlivosema japo mkono ulikua unaniwasha nifungue kila bolti.

Siti ya ncha mbili, imeenda mbele 3.5, urefu sa hivi 74.5. Pedi zimepanda sentimita 2, stemu kutoka 110 mpaka 90. Wiki ya kwanza mapaja kwa mbele yaliuma kama nimeanza mazoezi upya na baiskeli ilikua inayumba nikatamani kurudisha kila kitu. Wiki ya pili ikatulia. Juzi nimeendesha masaa manne, nimelala muda wote isipokua kwenye kona na ile milima miwili, kiuno kimya, ganzi hamna. Nikaweka baiskeli ukutani nikakimbia dakika 20 na mwili umenyooka kabisa, nikaangalia saa mara mbili nikadhani imeharibika.

Yamebaki mawili. Shingo, kuanzia saa ya tatu inakaza hapa nyuma. Na vidole vya mguu wa kushoto vinakufa ganzi, nimehama kutoka ganzi moja kwenda nyingine 😅

GiaYaMlima:

Hongera sana mkuu. Shingo: acha kuangalia mbali muda wote, kichwa kizame katikati ya mabega, macho ndo yapande sio kidevu. Kama bado inakaza ongeza spesa nyingine ya sentimita moja, UpepoTu atalia lakini sio yeye anayebeba kichwa chako. Pia angalia miwani isije ikawa fremu ya juu inakukata macho, unainua kichwa ili uone chini yake, watu wengi hawajui hilo.

Vidole: rudisha kliti nyuma uzito usogee kuelekea katikati ya unyayo, na legeza kiatu. Mguu unavimba ukiendesha masaa mengi, kiatu kilichokuenea vizuri asubuhi kinabana masaa manne baadae.

UpepoTu:

Silii. Masaa manne amelala nimekubali yaishe.

Kanyaga_Taratibu:

Kliti nimezirudisha mpaka mwisho wa mashimo. Krenki za 165 zimeshaagizwa, zikifungwa napandisha siti ile milimita 7.5. Jumapili nina masaa matano nitaleta majibu.

Mzee_Spana:

Tepu umeweka?

Kanyaga_Taratibu:

Naenda kuweka mzee.